Sikio Halilali Njaa

Kwenye kichochoro cha Bari ya zamani,
mlango wa nne baada ya sanamu ya mtakatifu asiye na pua,
Nunziata anatengeneza masikio.

Ndivyo tambi hizi zinavyoitwa kwao: visikio.
Unga wa ngano ngumu, maji ya uvuguvugu, basi.
Mtajie yai, atakutazama
kama mtu aliyepiga mluzi matangani.
Anaviringa donge liwe kamba nene kama kidole cha mtoto,
anakata, anakokota kwa kisu butu
kisichotisha hata siagi,
kisha dole gumba linageuza. Kwaru: sikio.
Kwaru: sikio.
Dole lenyewe limepinda,
halinyooki tena hata akilala.

Yeye hasikii.
Mwaka wa saba huu. Kwanza zilififia kengele za alasiri,
kisha njiwa, kisha koromo la Sabino mumewe,
na hilo, asema, hakulililia.
Daktari alimpa kifaa. Kimo ndani ya kopo la chumvi.

Basi majirani huja. Huagiza kilo moja,
humwaga kilo tatu za siri:
Ninetta na madeni ya mwanawe,
Teodoro muuza samaki na barua zake
kwa mjane wa ghorofa ya pili, barua asizozituma.
Kumwambia Nunziata, wanasema, ni kuliambia jiwe.
Naye hutikisa kichwa, kwaru, kwaru,
na juu ya viunzi vya wavu, mbele ya mlango,
masikio elfu mbili yamelala chali
yakikauka na yote yaliyoyasikia.

Mimi ni mke wa mjukuu wake. Nimetoka milimani,
kwetu tulikula viazi.
Yangu hupasuka katikati.
"Kofia ya polisi," alisema siku ya kwanza,
akaitafuna mbichi.

Ndiyo maana wiki ya sikukuu, oda zilipozidi vidole,
nilinunua mifuko mitano ya kiwandani
nikaimwaga wavuni gizani, nikachanganya.
Hakuna mteja aliyeuliza.
Lakini siri ni hamira:
ukiifunika ndiyo inaumuka.

Jumapili nilisimama nyuma yake akipika.
Majani machungu ya tanipu yalitangulia sufuriani,
masikio yakafuata, maji yaleyale.
Kikaangoni vitunguu saumu, pilipili,
dagaa wa chumvi wakiyeyuka ndani ya mafuta ya zeituni
mpaka hujui walikuwa samaki.
Nikauambia mgongo wake.
Polepole, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu:
mifuko. Mitano. Gizani.

Hakugeuka.
Alizamisha mwiko, akaopoa sikio moja, akalipuliza,
akalipeleka si mdomoni,
bali kwenye sikio lake.
"Sema tena," akasema. "Hili ni la kiwandani.
Halishiki kitu."

Mpaka leo sijui alijuaje.
Huenda kioo cha kabati. Huenda Ninetta.
Nilitaka kucheka, nikaogopa, nikapakua.
Kweli mchuzi uliteleza juu ya yale laini
kama mvua kwenye jani la mgomba,
ukanasa kwenye yake, ndani ya mikwaruzo ya kisu.
Sahanini mwangu nilihesabu: yake saba, ya mashine manne.
Hayo manne aliyachagua kwa uma, moja moja,
akayala yeye.

Asubuhi nilikuta kiti cha pili mlangoni
na kisu cha pili, butu kuliko cha kwanza.
Kwaru. Likapasuka.
Kwaru. Kofia.
Kwaru. Akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga,
akalirusha wavuni bila neno.

Ninetta akaja na kikapu, mdomo umeshafunguka.
Akaniona nimeketi pale, masikio yangu mawili mazima.
Akameza.
Akanunua nusu kilo tu.